Damu ya Mkwe

Bango la mlangoni liliandikwa KLINIKI YA KOO, na miezi ya mwanzo watu waliojipanga kwenye benchi walikuwa wenye makoo yanayowasha, wakikohoa na kungoja dawa ya kusukutua. Muuguzi aliwaelekeza ghorofa ya chini, kisha akaingia kumwambia daktari kwamba bango lile litawaletea kila mtu isipokuwa anayetakiwa. Daktari alicheka lakini hakulibadilisha. Koo alizozikusudia yeye ni za damu: baba, shangazi, mtoto wa mjomba, watu wa ukoo mmoja wanaokufa kwa saratani moja ya tumbo huku kila msiba ukitafutiwa sababu yake. Huyu alilogwa, yule alikunywa sana, yule mwingine alikuwa na mawazo.

Alikuwa daktari wa tumbo na utumbo, na mjini walimwita Mama Matumbo, jina ambalo mumewe alilipenda kuliko yeye mwenyewe. Kazi hii ya koo hakuipanga. Alipokuwa bado mgeni hospitalini alimpitishia kamera ya kuchungulia utumbo mwashi mmoja, kijana wa miaka thelathini na kitu, akakuta saratani imekwishaziba utumbo mpana. Baadaye akaletwa mdogo wake, hali ile ile. Kisha akaja dada yao, akapanda kitanda kile kile, akamwambia daktari bila hata kulia kwamba kwao watu huondoka hivi, asihangaike. Daktari alihangaika. Tangu siku hiyo kila mgonjwa aliyemjia alimuuliza swali moja: kwenu nani mwingine? Kutokana na swali hilo alijenga utafiti, akafundisha wengine, akasomesha madaktari wawili watatu kazi hiyo, na akajulikana hata katika nchi ambazo hakuwahi kukanyaga.

Wagonjwa aliwaeleza kwa maneno mepesi. Katika kila chembe ya mwili yupo fundi mdogo ambaye kazi yake ni kurekebisha makosa, maana mwili ukijinakili hukosea kama mtu anayenakili maandishi marefu. Kuna koo ambamo fundi huyo huzaliwa amelala. Makosa yanalimbikizana, na siku moja yanageuka uvimbe. Mzazi mwenye jeni lenye kasoro hiyo anaweza kumpa mtoto wake au asimpe, nusu kwa nusu, na hakuna anayejua mpaka apimwe. Ila anayejua mapema anaweza kuokoka, kwa sababu kamera ikipita kila mwaka uvimbe hukutwa ungali mdogo.

Miongoni mwa waliookoka kwa njia hiyo alikuwamo mwanamke mmoja aliyekuwa mkuu wa shule ya msingi. Pale kliniki walimwita Mwalimu Mkuu hata baada ya kustaafu, kwa sababu alikaa kwenye kiti cha mgonjwa kama anayekagua darasa. Kaka zake wote walikuwa wamekufa na mdogo wake wa kike pia. Yeye aliwahiwa, alikatwa nusu ya utumbo mpana, akapona, na kila mwaka alirudi kupimwa bila kukosa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume.

Daktari alimwambia mapema kwamba kijana akifika miaka ishirini na mitano aanze kupimwa. Kwanza Mwalimu Mkuu alisema bado yuko chuoni, asimvuruge. Mwaka uliofuata akasema ndiyo kwanza amepata kazi mji mwingine. Mwisho alichoka kutafuta visingizio, akasema waziwazi kwamba mwanawe asijue, na kwamba hilo ni neno la mgonjwa kwa daktari wake. Daktari aliliheshimu, kwa kuwa ndivyo alivyoapa. Lakini kila mwaka alimkumbusha, na kila mwaka Mwalimu Mkuu alitazama dirishani.

*

Binti yake daktari, mwana wake wa pekee, alikuwa msanifu majengo. Jumapili moja alimleta nyumbani mwanamume aliyetaka kumwoa. Walikutana kwenye jengo alilolichora binti. Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti, aliyekuja kuzifunga. Wazazi wa binti walikaa ghorofa ya tano, na siku hiyo lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu, kama ilivyokuwa siku nyingi za mwaka.

Wageni walipofika, binti aliingia akitabasamu. Mchumba alibaki ameegemea fremu ya mlango, akihema, jasho limemtoka juu ya mdomo. Aliwaamkia shikamoo kwa sauti iliyokatika katikati. Mume wa daktari, mpima ardhi asiyeacha utani umpite, alisema ameona mengi lakini hajaona fundi wa lifti anayeshindwa na ngazi. Wote walicheka, kijana akacheka kuliko wote, akasema yeye ndiye mtu pekee mjini anayepanda ngazi kila siku, kwa maana lifti inayofanya kazi haimhitaji.

Daktari naye alicheka. Kisha akampa glasi ya maji, na kijana alipoipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, aliviona viganja vyake. Mistari ya viganja ilikuwa imepauka, na vyenyewe vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka kupaka chokaa ukutani. Alipomtazama machoni aliona hata nyama ya ndani ya kope imekosa wekundu. Huyu hana damu, alijisemea. Hakuwa na hofu bado. Watu wengi hukosa damu kwa sababu nyingi, na mkwe mtarajiwa hashikwi mkono siku ya kwanza akaambiwa ni mgonjwa. Alijipangia kumnong'oneza wakati wa kuagana.

Walikaa mezani. Mpima ardhi akaanza kumuuliza kijana habari za kwao, kama baba wa binti anavyopaswa kuuliza. Kijana alisema baba aliondoka zamani, yeye kalelewa na mama. Mama ni mwalimu mstaafu, alikuwa mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Daktari alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia. Alikirudisha taratibu kwenye bakuli. Shule nyuma ya kiwanda cha magodoro ilikuwa moja tu. Aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili, kama anao wajomba.

"Walikuwepo, Mama," kijana alijibu. "Walifariki wote nikiwa mdogo. Vidonda vya tumbo, ndivyo tunavyosikia. Mama hapendi kuyaongelea."

Binti alimpitishia kachumbari. Mpima ardhi akasema pole, akahamia habari za mpira. Daktari alinyanyuka akasema anakwenda kuongeza maji, akaingia jikoni, akafungua bomba akaliacha litiririke, akashika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. Nusu kwa nusu ni kwa mtu ambaye hujamwona. Huyu alikuwa amemwona. Ngazi zimemshinda, viganja vimepauka, umri umefika. Kama kijana angekuja kliniki kwa miguu yake, angemwingiza chumba cha kamera wiki hiyo hiyo. Na sasa ameketi mezani kwake, anakula, anampenda binti yake, na yeye hana ruhusa ya kufungua mdomo.

Alirudi na jagi la maji, akaketi, akatabasamu. Kila alipoinua macho aliviona vile viganja.

Wakati wa kuagana alimshika kijana begani, akamuuliza kama anachoka sana siku hizi. Kijana alisema ni kazi, Mama, na usingizi mchache. Akamwambia aende akapime damu, wiki hii, asingoje. Kijana aliahidi. Aliahidi kama watu wanavyowaahidi wakwe, na alipokuwa akishuka ngazi walimsikia akipiga mluzi.

*

Pale kliniki alikuwepo mshauri wa wagonjwa, muuguzi wa siku nyingi aliyekaa na familia na kuwaeleza habari za urithi. Walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu kila mtu aliyeingia ofisini kwake akiwa anatetemeka, neno la kwanza aliloambiwa ni hilo. Daktari alimwendea, akamsimulia mkasa kana kwamba umempata daktari mwingine. Mzee Taratibu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamwambia aketi kwanza, maana huyo daktari mwingine anaonekana hajalala.

Ushauri wake ulikuwa mfupi. Alichoambiwa kliniki ni mali ya aliyemwambia. Alichokiona mezani ni chake, maana macho hayana pazia. Kwa hilo anaweza kumsukuma kijana apime damu mpaka kijana amchoke. Kama hatari iko karibu ipo kamati ya hospitali inayoweza kuamua siri ivunjwe, lakini kamati huenda kwa mwendo wake. Kwanza aende kwa mama mtu.

"Ila kabla hujaenda," Mzee Taratibu alisema, "jiulize unakwenda kwa ajili ya nani. Kwa ajili ya kijana, au kwa ajili ya binti yako?"

Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kwa sababu tangu Jumapili, kila alipofumba macho, aliona mambo mawili. La kwanza ni kijana kitandani, tumbo limejaa. La pili ni uchumba umevunjika kwa sababu yoyote ile, ugomvi wa kawaida tu, binti analia mwezi mmoja kisha anasahau. Na hilo la pili lilipomjia, kifua chake kilipata nafasi. Yeye aliyewahubiria watu miaka yote kwamba jeni si laana, kwamba mwenye nalo anaoa na kuolewa kama wengine.

Alimpigia simu Mwalimu Mkuu. Haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, kimya. Baadaye alifahamu kwamba Mwalimu Mkuu alikuwa amesafiri kumfuata mwanawe, wajiandae kwa utambulisho wa wazazi. Kijana alikuwa amemwambia mama yake kwamba mama wa binti ni daktari. Hakumwambia wa nini, na Mwalimu Mkuu hakuuliza. Mji una madaktari wengi.

Siku ya utambulisho lifti ilifanya kazi. Mlango ulipofunguka Mwalimu Mkuu aliingia wa kwanza, amevaa vizuri, mkoba mkononi. Alimsalimia mpima ardhi, akageuka, akamwona daktari wake amesimama kando ya meza ya chakula.

Hakuna aliyegundua kitu. Mwalimu Mkuu alisimama tu kidogo zaidi ya inavyostahili. Kisha alisogea, akanyoosha mkono, na mkono huo ulikuwa wa baridi.

"Nimefurahi kukufahamu, mkwe," alisema.

"Na mimi, mkwe," daktari akajibu. Akajua kwamba sasa amedanganya mbele ya mwanawe, na kwamba uongo huo hautaweza kurudi ulikotoka.

Walikula. Watu wazima waliongea habari za watu wazima: tarehe, idadi ya wageni, ukumbi. Mpima ardhi aliwachekesha. Kijana hakula sana. Mara mbili alijibonyeza upande wa kulia wa tumbo, akidhani hatazamwi. Alikuwa anatazamwa na wanawake wawili.

Walipokwenda jikoni kutoa vyombo, Mwalimu Mkuu alisukuma mlango kwa kisigino, akauliza kwa sauti ya chini kama ameshawaambia. Daktari alisema hajasema neno. Basi na asiseme, Mwalimu Mkuu akamwambia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyebanwa kwenye kona. Daktari alitaka kumshika mkono, lakini binti aliingia na sahani, akafurahi kuwakuta wamesimama karibu hivyo. Alisema afadhali wakwe wameelewana mapema.

*

Siku ya pili daktari alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Ilikuwa nyumba ndogo, safi, vitabu vya shule vimepangwa kwa madaraja kama bado kuna watakaovifungua. Alikaribishwa chai, akaikubali, wala hakuigusa.

Alianza kusema, lakini Mwalimu Mkuu alimwinulia kiganja. Asimwambie mambo ya mficha maradhi, alisema. Methali hiyo kawafundisha watoto wa watu miaka thelathini, anaijua mbele na nyuma. Kisha akamsimulia jambo ambalo miaka yote kliniki hakulisema. Mdogo wake wa kike alikuwa amechumbiwa. Nguo zilishashonwa. Kaka wa pili alipofariki, watu wa upande wa pili walikaa wakahesabu misiba, wakatuma mjumbe kusema wao hawaoi jeneza. Mdogo mtu hakutaka tena kusikia habari ya mchumba wala ya daktari. Tumbo lilipomwanza alijifungia chumbani, akafa na ugonjwa ambao ungeweza kutibika. Na yeye Mwalimu Mkuu, alipokatwa utumbo, mumewe alikuja wodini mara moja, akaangalia ule mshono, na hakurudi tena.

"Ukiwa daktari nakuamini," alisema. "Ukiwa mkwe nakuogopa."

"Hata mimi namwogopa huyo mkwe," daktari akasema.

Mwalimu Mkuu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akamuuliza, kwa uaminifu, asimpe maneno ya kliniki: kwa anayoyajua, angependa binti yake aolewe pale?

Daktari alitazama dirishani. Nje watoto walikuwa wakivuta maji kisimani, kapi likilia. Angeweza kusema ndiyo, na labda ingetosha.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana sijalala. Lakini binti yangu akivunja uchumba au asivunje, kijana wako anavuja damu mahali fulani, na mimi na wewe tunajua ni wapi. Umemtazama viganja?"

Mwalimu Mkuu aliweka kikombe chini.

"Nimeviona tangu zamani," alisema. "Namnunulia dawa ya kuongeza damu. Nimemwambia ni vitamini."

Hapo ndipo daktari alipoelewa kwamba amemdhania vibaya mwanamke huyu. Hakuwa mkaidi. Alikuwa amekaa na hofu ile ile aliyokuwa nayo daktari tangu Jumapili ile ya kwanza, ila yeye alikuwa nayo miaka na miaka, peke yake, akimwangalia mtoto anavyopauka, akimtilia dawa kwenye kijiko kila walipokutana na kuomba iwe kweli ni vitamini. Alihama kiti, akakaa karibu naye. Wanawake wale wawili walilia bila kushikana, kila mmoja na kitambaa chake.

*

Mwalimu Mkuu alimwambia mwanawe mwenyewe, katika chumba cha Mzee Taratibu, mlango umefungwa. Daktari alingoja ukumbini. Alitegemea kusikia sauti ikipanda, hakusikia kitu, na kimya kile kilimtisha zaidi. Kijana alipotoka alikuwa kama mtu aliyeshuka gari akakuta si kituo chake. Alimwona daktari, akasimama mbele yake.

"Kumbe siku ile ulikuwa unajua."

"Nilijua, mwanangu."

Aliuliza kama binti anajua. Daktari akamwambia hapana, hilo ni lake yeye kulisema, na kama hataki lisemwe halitasemwa. Kijana alitikisa kichwa, akasema hataki kuoa mtu kwa hila. Alimweleza mchumba wake siku hiyo hiyo, ndani ya gari, nje ya ofisi yake.

Binti hakumwacha. Alichofanya ni kuja kwa mama yake. Hakupiga kelele. Alisimama katikati ya sebule, ufunguo wa gari bado mkononi, akasema kwamba walikaa meza hii, mara mbili, na mama akawapakulia chakula, akimjua mtu huyu ana nini, na akanyamaza. Daktari alijaribu kumweleza kiapo. Alimwambia kwamba kama angeitoa siri ya mgonjwa mmoja kwa ajili ya mwanawe, nani tena angemfungulia moyo, angekuwa daktari wa nani?

"Ungekuwa mama," binti alisema, akaondoka.

Mpima ardhi, aliyesikia yote kutoka chumbani, alitoka akaketi kando ya mkewe. Safari hii hakuwa na utani.

Kipimo kilifanywa na daktari kijana aliyefundishwa na Mama Matumbo mwenyewe. Yeye hakuruhusiwa kuingia, na hakuomba. Alikaa kwenye benchi pamoja na mkwe wake na binti. Miaka yote alikuwa upande wa ndani wa mlango ule, akijua kila hatua: sasa wamempa dawa ya usingizi, sasa kamera imepita kona ya kwanza, sasa ya pili. Hakuwahi kujua kwamba mtu aliye nje husikia. Husikia mashine inavyonyonya, husikia kiti chenye magurudumu, husikia manesi wakicheka jambo lao, na kila kicheko kinamchoma. Na zaidi ya yote husikia pale wanaponyamaza. Alijua kwa nini watu hunyamaza mle ndani. Alishika ukingo wa benchi. Mwalimu Mkuu alikuwa akinong'ona dua. Binti alikaa mwisho wa benchi, mbali na mama yake, amejikunyata.

Mlango ulipofunguliwa, mwanafunzi wake wa zamani alitoka akivua glovu kidole kimoja kimoja. Hivyo ndivyo alivyomfundisha: usitoke na habari mbaya haraka haraka. Daktari alijua kabla hajaambiwa.

Ulikuwepo uvimbe upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana, ukidondosha damu polepole mahali ambapo mtu hawezi kuiona kwa macho. Wamenyofoa kipande kwenda kupimwa. Itabidi picha za mwili mzima, kisha upasuaji. Kama umeshatoka nje ya ukuta wa utumbo au la, hawezi kusema.

Binti alisogea. Hakumtazama mama yake, lakini alisogea benchi zima mpaka bega likagusana na bega, akauliza kwa sauti ya mtoto kwamba hiyo maana yake nini. Mwalimu Mkuu ndiye aliyejibu. Alisema maana yake watamkata kama walivyomkata yeye, na yeye bado yupo.

*

Majibu yalikawia, na siku hizo za kungoja daktari alikwenda kazini kama kawaida, akaona wagonjwa, akafundisha, akasahau alichofundisha. Mpima ardhi alimkuta mara kadhaa amesimama mbele ya kabati wazi, hajui alifuata nini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari mpasuaji aliondoa nusu ya utumbo mpana na tezi zake, na tezi zilipopimwa zilikutwa safi. Uvimbe ulikuwa umeingia ndani ya ukuta lakini haujautoboa. Alisema mtu akichelewa miezi michache tu mambo huwa mengine. Alisema hivyo kwa nia njema, kuwafurahisha, na Mwalimu Mkuu alilazimika kutoka nje apate hewa.

Walioana kijana alipopata nguvu, sherehe ndogo, watu wachache. Mwalimu Mkuu alicheza. Baada ya hapo kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: aliwatafuta watoto wa wajomba zake, ambao mama yake aliwakimbia tangu misiba ile, akawaendea mmoja mmoja akiwaonyesha mshono. Wengine walimfukuza. Wengine walikuja kliniki, na miongoni mwao yumo msichana aliyekutwa na vinyama viwili vidogo ndani ya utumbo, vikaondolewa siku hiyo hiyo, akarudi nyumbani kwake akitembea. Daktari aliwapokea wote. Lakini sasa kila alipomuuliza mtu kwenu nani mwingine, swali hilo lilimrudia mwenyewe.

Binti aliendelea kuja nyumbani, aliendelea kumsalimia, na kwa muda mrefu salamu ilikuwa salamu tu. Siku moja alikuja kliniki. Hakupiga simu, alikaa kwenye foleni mpaka zamu yake ilipofika, akaingia, akafunga mlango, akasema ana mimba.

Daktari alinyanyuka kumkumbatia, lakini binti alimwomba aketi. Alitaka kujua juu ya mtoto. Daktari alianza kama alivyoanza kwa watu mamia: fundi mdogo ndani ya chembe, nusu kwa nusu, mtoto hapimwi mpaka awe mtu mzima aamue mwenyewe, na kufikia wakati huo dawa zitakuwa zimesonga mbele.

"Hayo ninayajua," binti alimkatiza. "Mume wangu anayasema hata usingizini. Nimekuja kukuuliza kama unaogopa."

Daktari alitazama mikono yake juu ya meza.

"Naogopa," alisema. "Niliogopa tangu alipopokea ile glasi ya maji. Kila mtu anayeingia hapa namwogopea, ila wao sikuwazaa. Na kuna siku niliomba mwachane. Hilo sijamwambia mtu."

Daktari alingoja binti anyanyuke aondoke, kama alivyoondoka sebuleni. Badala yake alivuta kiti chake akakizungusha meza mpaka upande wa mama yake, upande ambao wagonjwa hawakai. Alisema na yeye aliomba hivyo, usiku mmoja kabla ya upasuaji, na kwamba naye hajamwambia mtu.

Wakakaa vile, magoti yamegusana, mpaka muuguzi akabisha kuuliza kama amwingize mwingine. Daktari alimwambia angoje kidogo. Kisha akamuuliza binti mumewe anaendeleaje. Binti alisema anakula vizuri, amerudi kazini, anapanda ngazi bila kuhema. Kamera yake ya mwaka ni mwezi ujao.

"Utakuja kukaa nasi nje?" aliuliza.

"Nitakuja," daktari alisema, akavuta kalenda ya mezani, amuulize ni tarehe gani.